Denis Burkitt: Wiki Kumi Barabarani Kutafuta Jibu Moja



Kila likizo ndefu inapokaribia, ndugu zetu wanaosoma biolojia na masomo yanayofanana nayo huanza kuzunguka Kampala na barua za kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, kwa hiyo sina barua ya kupeleka maabara, lakini nakaa nao hosteli na nasikia mazungumzo yao. Anayepata nafasi Mulago au Entebbe hupongezwa. Anayepelekwa hospitali ya wilaya hupewa pole, kana kwamba amefiwa. Na wako wanaosema wazi kwamba wanachotaka ni muhuri tu kwenye daftari.

Kwa ajili yao nimeamua kusimulia maisha ya Denis Burkitt. Wanafunzi wa biolojia hukutana na jina lake vitabuni kama jina la ugonjwa. Wachache wanajua kwamba jambo lililompa jina hilo alilifanyia kazi hapa hapa Mulago, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Makerere.

Mtoto wa mchora ramani

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa ndege. Aliwafunga pete miguuni ndege wadogo waliokuwa karibu na nyumba yake, kisha akachora ramani kuonyesha eneo la kila mmoja linaanzia wapi na linaishia wapi. Kumbukeni ramani hiyo, kwani mtoto alirithi tabia ya baba.

Akiwa na miaka 11 jiwe lilimpiga usoni, akapoteza jicho moja. Alipofika chuo kikuu cha Dublin alianza na uhandisi, halafu akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyomfikisha Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akarudi kufanya kazi Uganda, katika hospitali ya Lira.

Huko Lira alikuwa daktari wa watu wengi mno. Hata hivyo, katikati ya kazi hiyo aliona jambo: wanaume wenye mabusha walikuwa wengi upande wa mashariki wa Lango na wachache sana upande wa magharibi. Daktari mwingine angepasua na kwenda zake. Yeye alihesabu, akachora ramani, akachapisha matokeo. Mwaka 1948 akahamishiwa Mulago.

Watoto wawili

Mwaka 1957 Dkt. Hugh Trowell alimwita wodi ya watoto Mulago amtazame mtoto aliyevimba mataya yote, kulia na kushoto, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho na hakujua afanye nini. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja kwa kazi ya hospitali. Akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule, na alipompima akakuta tumboni pia kuna uvimbe.

Mgonjwa mmoja ni ajabu. Wawili walio mbalimbali wanadai swali. Alirudi Kampala akafukua kumbukumbu za Mulago, zikiwemo za uchunguzi wa maiti, akakuta watoto wengi ambao uvimbe wao ulikuwa umeandikwa kwa majina tofauti, huyu wa taya, yule wa figo, mwingine wa ini. Aliona kwamba ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza, na wataalamu wa patholojia wa Kampala wakathibitisha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili.

Safari

Kisha akauliza swali alilolizoea tangu Lira: uko wapi, na wapi haupo? Alituma karatasi zenye picha na maswali kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Kila jibu lililorudi alilitia alama kwenye ramani ukutani. Ukatokea mkanda unaopita katikati ya bara, lakini mpaka wake wa kusini haukueleweka. Karatasi hazikutosha tena.

Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson, ndani ya gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Wiki kumi, takribani maili 10,000, hospitali zaidi ya hamsini. Kila kituo walionyesha picha na kuuliza kama mtoto kama huyu amewahi kuonekana hapo.

Jibu lilikuwa zuri kuliko walivyotarajia. Karibu na Ikweta ugonjwa haukuonekana juu ya futi 5,000 hivi. Walipoendelea kusini mpaka huo ulishuka, hadi ukabaki kwenye nchi za chini zenye joto. Basi sababu haikuwa mwinuko wenyewe. Ilikuwa joto na mvua, na mahali penye joto na mvua ndipo penye mbu. Kwa njia hiyo malaria iliingia katika maelezo, na mwaka 1970 Burkitt aliandika juu ya uhusiano huo pamoja na Mganda, Dkt. George Kafuko.

Machi 1961, kabla ya safari hiyo, alikuwa ametoa mhadhara London. Msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, alihisi kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Siku moja ukungu uliichelewesha ndege, na maji yenye kipande yakafika yamechafuka kana kwamba yameoza. Epstein hakuyamwaga. Aliyatazama kwa hadubini, akakuta chembe hai zinaelea, na kutokana nazo aliweza kuziotesha. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Burkitt mwenyewe alijaribu dawa mpya za saratani kwa watoto wa Mulago, na baadhi yao walipona kabisa. Mwaka 1967 kilifunguliwa hapo kituo cha kutibu limfoma, ambacho leo ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda. Yeye alikuwa amekwisha kurudi Uingereza, ambako alijulikana kwa kuhimiza watu wale vyakula visivyokobolewa. Alifariki mwaka 1993.

Tunachochukua

Burkitt hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkristo aliyeshika dini yake kwa dhati, na sioni sababu ya kulificha hilo. Imam Ghazali, katika Ihyaa, aliweka utabibu katika faradhi za kutosheleza, akalalamika kwamba miji ya wakati wake ilikosa tabibu Mwislamu ilhali wanafunzi walisongamana kwenye fiqhi. Lalamiko hilo linanigusa mimi ninayesoma dini, na linamgusa zaidi ndugu yangu aliye maabara na anatafuta muhuri.

Kwetu katika elimu ya hadithi, safari si jambo geni. Sahaba Jabir bin Abdillah alisafiri mwezi mzima hadi Sham kwa ajili ya hadithi moja. Wanazuoni waliomfuata waliuliza kila mpokezi ni nani, alisikia wapi, kwa nani. Nikisoma habari za Ford lile kuukuu naona adabu hiyohiyo: kwenda kwa aliyeona kwa macho yake, kumuuliza, kuandika.

Na tazameni ilikokuwa elimu yenyewe. Ilikuwa Jinja, Kuluva, na katika hospitali ndogo ambazo leo tunapeana pole tukipelekwa. Ilikuwa kwa makarani walioandika kumbukumbu, na kwa wazazi waliobeba watoto wao kutoka vijijini. Majina ya wazazi hao hayamo vitabuni, na watoto wengi wao hawakupona.

Kwa hiyo ndugu yangu, dada yangu, ukipewa barua ya kwenda wilayani, nenda. Fungua madaftari yao ya zamani. Uliza kipi kiko hapo na kipi hakipo. Usimwage maji yaliyochafuka kabla hujayatazama.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, na awaponye watoto waliolazwa Mulago usiku huu. Aamin.