Mirambo: Mtemi aliyetoa vyeo kwa kazi badala ya ukoo

Na Mwandishi Wetu

UKIFIKA Dar es Salaam, majengo ya Benki Kuu ya Tanzania yapo kando ya Mtaa wa Mirambo. Ukifika Tabora, kambi ya jeshi nayo inaitwa Mirambo. Wilaya ya Urambo imepata jina lake kutokana na mtu huyo huyo. Wakulima wa tumbaku na wafanyabiashara wadogo wa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, wamelisikia jina hilo tangu utotoni, na wengi wanalijua kuwa ni la mpiganaji.

Ni kweli alikuwa mpiganaji, tena mkali. Lakini maisha yake yana funzo jingine kwa watu wa shamba na wa soko. Mirambo alitoka katika utemi mdogo, akawashinda matajiri wa Tabora kwa kuwapa nafasi watu ambao kwa desturi za wakati ule walitakiwa kukaa kimya mbele ya wakubwa.

Mirambo alizaliwa karibu mwaka 1840, mtoto wa Kasanda, mtemi wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Uyowa haikuwa na sifa kubwa. Wakati huo Unyamwezi ilikuwa na watemi wengi, kila mmoja na eneo lake, na uliojulikana zaidi ni utemi wa Unyanyembe. Huko ndiko wafanyabiashara wa Kiarabu kutoka Zanzibar na Oman walikojenga nyumba zao, mahali palipoitwa Kaze, ambapo leo ni Tabora. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapo ikagawanyika: moja ikaenda Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilipita hapo kwenda pwani, na nguo, shanga, bunduki na baruti zilipita hapo kwenda bara.

Katika kijiji cha Kinyamwezi cha enzi hizo, heshima ilipangwa kwa ukoo na umri. Juu alikuwepo mtemi, chini yake watwale na wanyampara. Kijana aliyekuwa na wazo zuri alitakiwa kusubiri mpaka azeeke, au amwombe mkubwa amsemee. Mtu aliyetekwa vitani, au mgeni asiye na ndugu, hakuwa na wa kumsemea.

Lakini Wanyamwezi hao hao walikuwa na mahali pengine palipokuwa na taratibu tofauti, napo ni kwenye msafara. Wakati wa kiangazi maelfu ya vijana walijitwika mizigo ya ratili 70 au zaidi na kwenda pwani. Huko njiani aliyetangulia mbele alikuwa kirangozi, na kirangozi alikubaliwa na wapagazi wenzake kwa sababu anaijua njia, anajua maji yalipo na anajua kuzungumza na wenye nchi. Msafara uliomweka mbele mtoto wa mkubwa asiyeijua njia ungeweza kufa kwa kiu.

Zipo simulizi kwamba Mirambo mwenyewe aliwahi kuwa mpagazi ujanani, ingawa baadhi ya wanahistoria wanalitilia shaka jambo hilo. Linalojulikana zaidi ni kuwa alijifunza mengi kwa Wangoni, waliofika pande hizo katika miaka ya 1850. Aliijua lugha yao na aliziona mbinu zao. Wangoni walikuwa na kawaida ya kumchukua kijana mgeni, kumwingiza katika kikosi cha rika lake na kumpandisha kadiri anavyojitahidi.

Alipoupata utemi, karibu mwaka 1860, Mirambo aliileta kawaida hiyo nyumbani. Alijenga jeshi la ruga-ruga, vijana wengi wao wasio na wake wala mashamba, waliotoka makabila na koo mbalimbali. Walikuwemo waliotekwa, waliotoroka kwa mabwana zao na walioachwa na misafara. Kabla ya hapo vita ilikuwa kazi ya wanakijiji walioitwa baada ya mavuno, wakiongozwa na wakubwa wao. Ruga-ruga waliifanya kuwa kazi yao ya kila siku. Waliunganisha mbinu za Wangoni na bunduki za magobori zilizoletwa na misafara. Ngawira iligawiwa kwa wapiganaji, na aliyefanya vizuri alipata sehemu nono bila kuulizwa baba yake ni nani. Wazungu waliomwona Mirambo walishangaa kumkuta mtu mpole, anayevaa kawaida na asiyejikweza.

Tofauti hiyo ilionekana mwaka 1871. Mirambo alikuwa amegombana na wafanyabiashara wa Tabora kuhusu hongo na madeni, akaifunga njia ya Ujiji. Waarabu wakakusanya watu wapatao 2,000, akiwemo mwandishi wa habari Henry Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Mwezi Agosti waliuteka mji wa Wilyankulu bila shida kubwa. Hapo wakajisahau. Walipokuwa wakirudi wamejitwika pembe na kuswaga mateka, watu wa Mirambo waliokuwa wamejificha majanini waliwavamia na kuwatawanya. Baadaye mwezi huo huo Mirambo aliingia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa matajiri wakubwa, aliuawa.

Upande wa Waarabu haukukosa mali wala silaha. Ulikuwa na wakubwa wengi, kila mmoja akilinda heshima yake, na chini yao watumwa na askari wa kukodi ambao hawakuwa na sababu ya kufikiri zaidi ya walivyoamriwa. Katika Unyanyembe nako, Mtemi Mkasiwa alikuwa amewekwa kwa msaada wa wafanyabiashara hao baada ya kumwondoa Mnywa Sele, aliyethubutu kuwatoza ushuru. Mtu aliyepewa kiti na wengine ni vigumu kuwapinga waliompa. Vita hiyo iliendelea mpaka karibu mwaka 1875. Sultani Barghash wa Zanzibar alituma askari, lakini hawakuweza kummaliza Mirambo.

Baada ya hapo Mirambo aligeukia biashara kwa nguvu zaidi. Mwaka 1876 alifanya undugu wa kuchanjiana damu na Stanley aliyepigana naye miaka mitano kabla. Mwaka 1879 alimkaribisha daktari na mmisionari Ebenezer Southon akae Urambo. Aliwasiliana na balozi wa Uingereza huko Zanzibar, John Kirk, kwa sababu alitaka njia ya kufikisha pembe zake pwani bila kupitia mikono ya matajiri wa Tabora. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, naye alilitumia neno hilo kwa faida yake.

Tusimpambe kupita kiasi. Vijiji vingi vilichomwa, watu walichukuliwa mateka, na njia za misafara zilikuwa za hatari kwa sababu ya ruga-ruga hao hao. Kijana aliyepandishwa cheo kwa ushujaa alipandishwa kwa gharama ya mkulima aliyeporwa ghala lake.

Na kuna kasoro nyingine inayotuhusu zaidi. Mirambo aliondoa uzito wa ukoo kwa askari wake, lakini hakuuondoa juu kabisa. Katika maeneo aliyoyateka aliweka mtu wa ukoo wa watemi wa hapo aliyekubali kumtii, na utii huo ulikuwa kwake binafsi. Jinsi jina lake lilivyokua ndivyo kila jambo lilivyosubiri neno lake. Aliyewafungulia wengine mlango akawa yeye mwenyewe ndiye mlango.

Alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Nduguye Mpandashalo alirithi kiti, lakini hakurithi imani ya ruga-ruga wala hofu ya majirani. Watemi waliotekwa walijitenga mmoja mmoja, na katika miaka michache dola hiyo ilisambaratika. Wajerumani walipoingia Tabora mwaka 1890, hapakuwa na Mirambo wa pili wa kuwakabili.

Ardhi hiyo hiyo ya Urambo ilishuhudia kosa la aina nyingine baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wataalamu walioupendekeza walizunguka nchi kwa wiki 9 tu, kwa sehemu kubwa kwa ndege, na maamuzi makubwa yalifanyika London. Mwaka 1951 mradi uliachwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimepotea. Wakulima walioijua mvua na udongo walikuwepo, lakini cheo chao hakikuwafikisha kwenye meza ya mipango.

Leo mkulima wa Uyui hana ruga-ruga wala hahitaji. Ana chama cha msingi, ana kikundi cha kuweka na kukopa, au ana duka na vibarua wawili watatu. Msimu wa kukausha tumbaku, kijana anayekesha kwenye bani akichochea moto ndiye anayejua ni kuni kiasi gani zinapotea na ni ufa gani unaovujisha joto. Kwenye mkutano wa chama kijana huyo hukaa nyuma. Meza kuu huzungumza kwanza, na muda ukibaki anaulizwa kama ana la kuongeza. Mara nyingi hana, kwa kuwa kumpinga mwenyekiti mbele ya watu si adabu.

Heshima kwa wazee ni jambo jema na hakuna anayeshauri iachwe. Lakini utaratibu wa mkutano unaweza kubadilishwa bila kumvunjia mtu heshima. Anayeifanya kazi kwa mikono yake aeleze kwanza alichokiona, na viongozi waseme mwishoni. Jaribio dogo lifanyike kwenye bani moja au robo ekari kabla ya kukataliwa. Faida ikipatikana, aliyeleta wazo apate sehemu yake inayoonekana, kama ruga-ruga alivyopata.

La mwisho ni lile lililomshinda Mirambo. Mwenye duka au mwenyekiti ajiulize kama kazi itaendelea siku asipokuwepo. Kama daftari la madeni, jina la mnunuzi na bei ya mwisho vipo kichwani mwake peke yake, basi ni vizuri aanze kumfundisha mwingine kabla ya msimu huu kuisha, na amchague kwa kazi anayoijua.