Jimmie Rodgers: Mtu wa reli aliyeimba hadi pumzi ya mwisho

Ukitaja muziki wa kantri huku kwetu, wengi humkumbuka Jim Reeves. Mimi niliuzoea redioni nikiwa mwanafunzi ukimbizini Tanzania. Lakini kabla ya Reeves alikuwepo Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa muziki huo.

Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, akakulia Meridian, jimbo la Mississippi, Marekani. Mama yake alifariki yeye angali mdogo. Baba yake alisimamia vibarua wa reli, na kijana naye akaingia relini, akawa mfunga breki wa garimoshi. Nyimbo nyingi alijifunza kwa vibarua weusi. Mwaka 1924 aligundulika kuwa na kifua kikuu, wakati ambao dawa ya kukiponya haikuwepo. Reli ikamshinda, akashika gitaa.

Agosti 1927 alifika Bristol, mji ambao wafanyabiashara wa mpakani watauelewa upesi: barabara yake kuu ndiyo mpaka, upande huu Tennessee, upande ule Virginia. Ralph Peer wa kampuni ya Victor alikuwa pale akirekodi wanamuziki. Rodgers alikuwa amekosana na wenzake wa bendi, hivyo tarehe 4 aliingia peke yake, akarekodi nyimbo mbili. Novemba mwaka huohuo alirekodi "Blue Yodel", akiruka ghafla kutoka sauti nzito hadi nyembamba, na jina lake likaenea nchi nzima.

Mimi napenda zaidi "Waiting for a Train" wa mwaka 1928, habari za mtu asiye na nauli aliyeteremshwa garini mbali na kwao. Aliyewahi kurudi nyumbani mikono mitupu hahitaji kuelezwa. Wa pili ni "Blue Yodel No. 9" wa mwaka 1930, ambamo tarumbeta inapigwa na Louis Armstrong. Jina la Armstrong halikuandikwa kwenye sahani.

Mei 1933 Rodgers alikwenda New York kurekodi ingawa nguvu zilikuwa zimemwishia. Alitaka kuwaachia mke na binti yake chochote. Studioni aliwekewa kitanda apumzike kati ya wimbo na wimbo. Alifariki tarehe 26 mwezi huo, akiwa na umri wa miaka 35.

Hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini sahani zake zilifika. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis, nchini Kenya, wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Jina hilo ndilo Jimmie Rodgers, likitamkwa Kikipsigis.

Sisi tuliorudi huchekwa tunapoimba nyimbo za kule tulikolelewa. Tuziimbe tu. Wasichana wale walichukua jina la mgeni, wakalifanya lao, wala hawakuomba ruhusa ya mtu.