Edmond Thieffry, Mtu Aliyefungua Njia ya Anga

Zamani, mtu aliyetaka kutoka Ubelgiji kwenda Kongo hakuwa na njia ila merikebu. Alipanda Antwerp, akakaa baharini yapata majuma matatu, ndipo akashuka Matadi. Barua nazo zilikawia vivyo hivyo.

Edmond Thieffry alizaliwa Etterbeek, karibu na Brussels, tarehe 28 Septemba 1892. Alisoma sheria. Vita vya mwaka 1914 vilipotokea akawa askari, kisha akajifunza kuendesha ndege. Akaangusha ndege 10 za adui. Mwaka 1918 yake pia ikaangushwa, naye akatekwa. Vita vilipokwisha akarudia kazi ya sheria, lakini moyo wake ulibaki angani.

Mwaka 1923 shirika la ndege la Sabena lilianzishwa. Thieffry akasema moyoni kwamba ndege zaweza kufika hata Kongo, nchi iliyotawaliwa na Ubelgiji wakati ule. Shauri hilo lilikuwa gumu. Ndege za siku zile zilishuka mara kwa mara kutiwa mafuta, na katikati ya safari lilikuwako jangwa la Sahara.

Tarehe 12 Februari 1925 akaondoka Brussels pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Joseph De Bruycker, katika ndege yenye mashine tatu. Wakavuka bahari, wakavuka jangwa, wakapita nchi za mto Niger na Chad. Tarehe 3 Aprili wakashuka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo.

Safari ilikuwa imechukua siku 51. Merikebu ingaliwatangulia! Lakini muda waliokuwa hewani haukupita saa 80. Siku nyingine zote zilipotea chini, katika kungoja na kutengeneza. Basi ilionekana wazi kwamba kilichokosekana si nguvu ya ndege, bali njia iliyotayarishwa.

Thieffry akajaribu safari hiyo tena, asifaulu. Hakukata tamaa. Akaja Kongo kutafuta njia za ndege za kuunganisha miji ya ndani. Tarehe 11 Aprili 1929 tufani ikaikamata ndege yake karibu na ziwa Tanganyika, upande wa Albertville, ndiyo Kalemie. Ikaanguka. Kati ya watu watatu mmoja tu akapona, na Thieffry hakuwa yeye. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Mwezi wa Februari 1935 Sabena ikaanza safari za kawaida za Brussels na Léopoldville, nazo zilichukua siku zisizozidi sita. Thieffry hakuziona.

Twajifunza nini? Afyekaye njia huenda polepole kuliko wote, na miiba humchoma yeye kwanza. Wanaofuata hupita upesi, wala hawaioni miiba. Basi, msomaji, upitapo njia iliyo safi, mkumbuke aliyeifyeka. Na ikiwa kazi yako yaenda polepole, usiiache.