MENDELEEV: MTU ALIYEACHA NAFASI WAZI

Ukiwa umewahi kumwona mwalimu wa kemia akitia sodiamu majini, unajua mambo yake. Kipande kinayeyuka kuwa kijitone, kinakimbia huku na kule, mara kimekwisha. Potasiamu nayo ni balaa, huwaka papo hapo kwa mwali wa zambarau. Lakini lithiamu hutoa mapovu polepole tu. Siku hiyo nilijiuliza: ndugu hawa watatu wanafanana hivi, mbona wanazidiana ukali? Kutafuta jibu ndiko kulikonifikisha kwa Dmitri Mendeleev.

Alizaliwa mwaka wa 1834 mjini Tobolsk, Siberia, nchini Urusi, akiwa kitinda mimba wa familia kubwa sana. Mwaka huo huo baba yake, aliyekuwa mwalimu, alipofuka macho. Mama yake, Maria, hakukaa akalia. Alijifunga kibwebwe akasimamia kiwanda cha vioo ili watoto wapate kula. Baba akafariki mwaka wa 1847, na mwaka uliofuata kiwanda kikateketea. Hebu fikiria!

Mama huyo hakukata tamaa. Alimchukua mwanawe wakasafiri karibu kilomita 2,000 hadi Moscow, kabla reli haijafika pande zao. Chuo kikuu cha huko kikamkataa. Wakaendelea hadi St Petersburg, ambako alipokelewa katika chuo cha ualimu mwaka wa 1850. Mwaka huo huo mama akaaga dunia. Yaani alimfikisha mwanawe mlangoni, naye akaenda zake.

Mendeleev alisoma kwa bidii, na mwaka wa 1867 akawa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha St Petersburg. Hakuona kitabu cha kuwafaa wanafunzi wake, basi akaanza kuandika chake. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Elementi zilizojulikana zilikuwa 63, zote shaghalabaghala. Alizipanga kuanzia zenye atomu nyepesi hadi nzito, akaona kwamba tabia zao hujirudia, kama siku za juma zinavyorudi. Zilizofanana akaziweka kundi moja: lithiamu, sodiamu na potasiamu huku, klorini, bromini na iodini kule. Huo ulikuwa mwaka wa 1869.

Sasa, kilichonigusa ni hiki. Kuna mahali mpangilio ulikataa. Mtu mwingine angesukuma tu elementi zijaze nafasi, mradi jedwali lipendeze. Mendeleev aliacha nafasi wazi, akasema wenyewe bado hawajapatikana, tena akatabiri uzito na tabia zao. Mwaka wa 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akagundua galiamu. Alipopima ni nzito mara ngapi kuliko maji, alipata 4.7. Mendeleev, ambaye hata hakuwa ameiona, akasema inapasa kuwa karibu 5.9. Mfaransa akaisafisha vizuri, akapima tena: 5.9! Skandiamu ikafuata mwaka wa 1879, na germaniamu mwaka wa 1886. Nafasi zikapata wenyewe.

Hata hivyo, hakuwa malaika. Elektroni ilipogunduliwa mwaka wa 1897, yeye hakuikubali. Kumbe jibu la swali langu lilikuwa humo! Lithiamu, sodiamu na potasiamu zote zina elektroni moja katika mzingo wa nje, ndiyo maana zinafanana. Lakini kadiri unavyoshuka katika kundi, elektroni hiyo inakuwa mbali zaidi na kiini, na kuipoteza ni rahisi zaidi. Ndiyo sababu potasiamu ina hasira kuliko wenzake.

Mwaka wa 1890 Mendeleev aliacha kazi chuoni, baada ya malalamiko ya wanafunzi aliyompelekea waziri kukataliwa. Alifariki mwaka wa 1907. Mwaka wa 1955 elementi ya 101 ilipopatikana, ilipewa jina lake, mendeleviamu.

Wenzangu, sisemi mwache nafasi wazi kwenye karatasi ya mtihani. Hapo mtalia! Nasema tu kwamba kutojua si aibu. Aibu ni kujaza pengo kwa uongo na kuacha kutafuta. Wahenga walisema, mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.