Marehemu Sir Tharia Topan na Jumba la Dawa la Unguja

Miongoni mwa matajiri wa Kiislamu waliotajika katika mwambao huu ni marehemu Sir Tharia Topan. Alizaliwa mwaka 1823 huko Lakhpat, nchi ya Kachi katika Bara Hindi, naye alifika Unguja angali kijana, hana mali. Kwa bidii na ujuzi wa hesabu alipanda daraja hata akawa katika wakubwa wa wafanya biashara wa mji ule. Wengi waliosafiri bara, akiwamo Tippu Tip, walichukua mtaji kwake. Mwaka 1876 Sayyid Barghash alimkodisha forodha za dola yake, ambayo bandari zake zilifika hata Kismayu na Barawa.

Mwaka 1887 aliweka jiwe la msingi la jumba kubwa lielekealo bahari. Nia yake ilikuwa kukusanya mambo mawili chini ya paa moja: hospitali ya kutibia wagonjwa, na chuo cha kufundishia wauguzi. Na huo ndio ubora wa nia ile, kwani dawa humfaa mgonjwa wa leo, bali aliyefunzwa huwafaa wagonjwa wa kesho.

Mwaka 1890 alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1891 ajali yake ikamfikia, na jengo halijakwisha. Mjane wake akaiendeleza kazi, na jumba likakamilika mwaka 1894; lakini hospitali ile na chuo kile havikuwa. Mwaka 1900 likanunuliwa kwa mali ya Haji Nasser Nurmohamed, na chini yake pakatolewa dawa za sadaka. Hivyo nusu ya nia ikatimia kwa mkono wa Muislamu mwingine; nusu ya mafunzo haikutimia.

Katika habari hii mna zingatio. Mwenye uwezo na aandike wakfu wake angali hai, aweke wasimamizi, na pamoja na fungu la wagonjwa atenge fungu la wanafunzi, kwani mauti hayangoji jengo limalizike. Na kwa watu wa visiwa, ambao mgonjwa wao hupakiwa mashuani, kijana mmoja wa Koyama au Chula aliyefunzwa uuguzi ni sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu wote waliosaidia kheri hiyo. Amin.