George Müller: mtu aliyeandika maombi yake katika kaye

Mitihani inakaribia, na sasa watu wanasali kushinda siku zingine. Lakini wengine wanaulizana kichinichini kama Mungu anasikia kweli, ao tunasema na ukuta tu. Juu ya swali hilo, tuangalie maisha ya mtu mmoja wa zamani.

George Müller alizaliwa tarehe 27 mwezi wa 9 mwaka wa 1805, katika inchi ya Prussia, ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mkusanya kodi, na kijana alikuwa anaiba zile feza za kodi. Usiku mama yake alipokuwa anakufa, yeye alikuwa anacheza karata, na umri wake ulikuwa miaka 14. Alipokuwa na miaka 16 akafungwa buloko, sababu alilala na kula hotelini pasipo kulipa. Pamoja na hayo yote, baba yake alitaka awe pasta, apate kazi yenye maisha mazuri!

Mwaka wa 1825, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Halle, rafiki mmoja akamwongoza kwenye mkutano wa sala katika nyumba ya mtu. Kule akaona mtu anapiga magoti kusali. Tangu kuzaliwa hakuwa ameona jambo kama lile. Maisha yake yakaanza kugeuka ile siku.

Mwaka wa 1829 akaenda Uingereza. Mwaka wa 1830 akaoa Mary Groves, na mwaka ule ule akakataa mshahara wa kanisa, akitaka kumtegemea Mungu tu. Mwaka wa 1832 wakahamia mji wa Bristol. Kule waliona yatima wengi wenye taabu, basi akafikiri kuwafungulia nyumba. Ni kweli, alitaka watoto wale na wavae. Lakini sababu yake ya kwanza ilikuwa hii: waamini waone kwa macho yao kwamba Mungu hajabadilika, angali anasikia. Kwa hiyo akakata shauri asiombe mtu yeyote hata senti moja. Haja zote atamwambia Mungu peke yake. Tena alikuwa anaandika katika kaye siku aliyoomba na siku aliyopata.

Mwanzoni kulitokea jambo la kuchekesha. Aliomba nyumba, akapata. Aliomba feza, vyombo na wafanyakazi, akapata. Siku ya kuandikisha watoto, mwezi wa 2 mwaka wa 1836, akakaa saa mbili nzima kanisani akingoja, na hakuna aliyekuja. Kumbe hakuwa ameomba watoto! Akaenda kusali juu ya hilo, na kesho yake watu wakaanza kuleta majina. Mwezi wa 4 nyumba ikafunguliwa.

Musifikiri kwamba ilikuwa njia laini. Kwa miaka mingi kulikuwa na siku ambazo asubuhi feza hazikuwamo kabisa, na chakula cha jioni hakijajulikana. Mwisho wa mwaka wa 1841 ulikuwa wakati wa kusoma hesabu mbele ya watu wote. Sanduku lilikuwa tupu. Mtu mwingine angefurahi, sababu watu wangeona shida na kutoa. Yeye akaahirisha mkutano, ili isionekane kama anaomba-omba kwa werevu. Miezi ile ilikuwa migumu, lakini watoto walikula kila siku.

Mwisho wa mwezi wa 11 mwaka wa 1857, kule Ashley Down, chombo kikubwa cha chuma kilichopasha moto nyumba ya watoto 300 kikaanza kuvuja sana. Ilikuwa lazima kuzima moto ili mafundi wakitengeneze, na upepo wa kaskazini ulikuwa baridi kali. Müller akaomba mambo mawili: upepo wa kusini, na moyo wa kazi kwa mafundi. Siku ya kazi ilipofika, upepo wa kusini ukavuma. Jioni mafundi wenyewe wakasema watafanya kazi usiku kucha. Katika muda wa saa 30 hivi kazi ilikuwa imekwisha.

Mwaka wa 1870 nyumba zilikuwa tano kubwa, zenye nafasi ya watoto 2,050. Katika maisha yake alilea yatima karibu 10,000.

Lakini je, alipata kila kitu alichotaka? Hapana. Mtoto wake wa kiume alikufa mwaka wa 1835, angali mdogo sana. Mwaka wa 1870 mke wake akafa pia, hata kama alimwombea. Müller mwenyewe akahubiri kwenye maziko, akisema kwamba Mungu ni mwema. Hapa ndipo mimi naona imani yake kuliko hata katika habari ya upepo. Kwake, kusikiwa hakukuwa kulazimisha Mungu. Ilikuwa kujua kwamba Baba amesikia, hata akijibu kwa namna ingine.

Alikufa tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka wa 1898, akiwa na miaka 92. Feza zilizopita mikononi mwake zilikuwa karibu paundi milioni moja na nusu, lakini yeye aliacha mali kidogo sana.

Ndugu na dada, Müller hakusali na kulala. Alisali, kiisha akaamka kufanya kazi na kuandika hesabu sawasawa. Basi, anayeomba juu ya mitihani afungue na kitabu. Anayeomba juu ya minervali, ao juu ya mgonjwa nyumbani, asichoke. Na kila mmoja achukue kaye ndogo, aandike anachoomba na tarehe yake. Pengine tunasema Mungu hajibu kwa sababu tunasahau upesi tulichoomba.