Maria Goeppert Mayer: miaka mingi bila mshahara, kisha tuzo ya Nobel

Butembo na Beni, walimu wanaoitwa NU wanajua maana ya kufundisha huku jina lako haliko kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Hali inayofanana na hiyo ilimpata mwanafizikia mmoja mkubwa wa karne ya 20, mama Maria Goeppert Mayer.

Alizaliwa tarehe 28 Juni 1906 huko Kattowitz, mji uliokuwa wa Ujerumani na leo uko Poland. Mwaka 1930 alipata udaktari Göttingen, chini ya profesa Max Born. Kwa hesabu tu, alionyesha kwamba atomu, ambayo kwa kawaida hupokea chembe moja ya mwangaza kwa mara moja, inaweza kupokea mbili pamoja kama mwangaza ni mkali sana. Taa za wakati ule hazikutosha kulithibitisha jambo hilo. Jaribio lilifaulu mwaka 1961, baada ya leza kuvumbuliwa.

Mwaka huohuo wa 1930 aliolewa na Joseph Mayer, mwanakemia Mmarekani, wakahamia Baltimore. Chuo kikuu cha Johns Hopkins kilimwajiri mume. Mke alipewa malipo madogo ya usaidizi tu, kwa sababu mke wa profesa hakuruhusiwa kuajiriwa kama profesa. Columbia, New York, alifanya kazi bila mshahara. Chicago, tangu 1946, alikuwa profesa wa kujitolea, akilipwa na laboratwari ya Argonne kwa kazi ya nusu siku.

Wakati wa vita alikuwa kati ya wataalamu waliotafuta namna ya kutenganisha aina za yuraniamu kwa ajili ya bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya yuraniamu ya mradi huo ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Alichunguza kama mwangaza ungeweza kufanya kazi hiyo, lakini wakati ule njia hiyo haikufaa.

Mwaka 1949 alieleza jinsi kiini cha atomu kilivyopangwa kwa tabaka. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1963, mwanamke wa pili baada ya Marie Curie, aliyeipata 1903. Alikuwa ameanza kazi ya profesa mwenye mshahara kamili San Diego mwaka 1960, akiwa amepita miaka 50. Alifariki huko tarehe 20 Februari 1972.

Wazo lake la 1930 ni moja ya misingi ya fani ya mwangaza mkali. Leo wataalamu wa fani hiyo wanapiga kitu kwa mfululizo wa miale mifupi ya leza, kisha wanachora ramani: upande mmoja nguvu iliyopokelewa, upande wa pili nguvu iliyotolewa. Ramani hiyo inaonyesha jinsi kifurushi cha nguvu, kiitwacho eksitoni, kinavyoruka kutoka molekuli moja hadi nyingine. Ndivyo jani la kakao katika mashamba ya Beni linavyosafirisha nguvu ya jua. Na kipimo cha kupokea chembe mbili za mwangaza kinaitwa GM, herufi za jina lake.